Dodoki Chini ya Godoro

Kila alfajiri, kabla mkamwana wake Hatsumi hajaamka kuinjika chai, Kinue alichomoa dodoki kavu chini ya godoro, akapandisha mikono ya nguo ya kulalia, akajisugua. Mkono wa kulia mara hamsini, wa kushoto mara hamsini, kutoka kifundoni kwenda begani, kama alivyofundishwa. Alikuwa na miaka themanini na moja, na daktari wa ngozi alishamkataza kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini daktari huyo alikuwa kijana wa juzi tu, na Kinue alimwitikia "ndiyo, ndiyo, daktari" jinsi mtu anavyomwitikia mchuuzi mlangoni ili aende zake.

Ngozi yake ilikuwa imekwisha, tusizungukezunguke. Ngozi ile iliyopanda mpunga, iliyofua nepi za watoto wawili kwa maji ya theluji, sasa ilikuwa kama ganda la ndani la kitunguu. Akigusa pembe ya meza, doa la zambarau. Paka wa jirani akimrukia mapajani, damu. Na yeye dawa aliijua, au alidhani anaijua. Mwaka wa mwisho wa vita, alipokuwa darasa la kwanza, mwalimu aliwapanga uwanjani theluji ikiwa imewafika magotini, vifua wazi, kila mtoto na kitambaa kikavu mkononi, wakajisugua wakihesabu kwa sauti mpaka mvuke ukawatoka mabegani. Ngozi isuguliwayo hukomaa, mwalimu alisema, na mwaka ule Kinue hakupata hata mafua. Basi, ngozi imekuwa nyembamba? Isuguliwe. Kadiri ilivyochubuka ndivyo alivyozidi kusugua. Ubishi wa kizee hauna chanjo.

Si kwamba nyumba ilikosa dawa nyingine. Binti yake Michiyo, aliyeolewa Nagoya, alituma kifurushi kila mwezi: unga wa kolajeni wa magamba ya samaki, vidonge vya vitamini, kopo la mafuta ya farasi. Unga ule Kinue aliukoroga kwenye supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, kila asubuhi, akanywa bila kuonja lolote. Alimwambia Hatsumi kwamba dawa isiyo na ladha ni kama mkamwana asiyefoka, hujui kama yupo kazini au amelala. Hatsumi alicheka mpaka akaweka mwiko chini, maana yeye ndiye mkamwana asiyefoka.

Mumewe Hatsumi, Yasuo, mtoto wa kiume wa Kinue, alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Hatsumi angeweza kurudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakurudi. Asubuhi alikwenda kufunga mikate ya samaki kiwandani, mchana akarudi, akaanika magodoro, akapika, akamwogesha mama mkwe wake. Wawili hao hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Kinue alikuwa na ombi moja tu lililobaki duniani, afie katika nyumba ile, mikononi mwa Hatsumi, na hata hilo hakuwahi kulisema.

Dawa aliyoipenda kuliko zote haikutoka Nagoya. Ilikuwa maji ya mdodoki.

Enzi alipoletwa mtaa huu wa Kitamachi kama bibi harusi, kila nyumba ilikuwa na mdodoki wake. Ulitambaa kwenye chanja ya mianzi mbele ya ukumbi, ukatia kivuli kiangazi kizima, na mwezi mpevu wa vuli ulipokaribia, wanawake walitoka na visu. Shina hukatwa usawa wa goti. Kile kisiki kilichobaki na mizizi huinamishwa, kikatiwa mdomoni mwa chupa kubwa ya sake, pombe ya mchele, na pembeni pakazibwa pamba wadudu wasiingie. Mizizi haina habari kwamba imekatwa kichwa, inaendelea kupandisha maji, na asubuhi chupa imejaa. Mwaka wake wa kwanza Kinue, mtoto wa wavuvi asiyejua hili wala lile la shambani, alichukua upande wenye majani ndio akautumbukiza chupani. Asubuhi chupa kavu, majani yamelala. Mama mkwe wake, Towa, aliitazama chupa, akamtazama bibi harusi.

"Kumbe ulitaka kuunywesha," alisema. "Ungeubakizia basi sake kidogo."

Neno hilo lilizunguka mtaa mzima kabla ya chakula cha mchana. Miaka mitatu muuza tofu, ile jibini laini ya soya, akipita na baiskeli yake aliuliza kama chupa ya kina Towa imeshajaa, na Kinue alitamani ardhi ipasuke. Sasa angetoa chochote asikie tena honi ya baiskeli ile.

Maji yenyewe yalichemshwa kidogo, yakachujwa, yakatiwa tone la sake, yakawekwa mahali pa baridi mpaka majira ya kuchipua. Kila jioni baada ya kuoga, Towa alikaa mkekani, akafumba macho, akamtolea uso mkwewe. Kinue alimwaga maji kiganjani, akampigapiga mashavuni. Yalinuka tango bichi na mvua. "Pigapiga, usisugue," Towa alikuwa akisema. "Ngozi si sufuria." Mgongo ulikuwa jambo jingine. Mgongo ulisuguliwa kwa dodoki kavu mpaka ukawa mwekundu, hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya mkwe, na mkwe aliyesugua kilegevu alisemwa.

Halafu majira fulani ya baridi, Michiyo akiwa na miaka tisa na Towa ametimiza sabini, yule mzee alitoka kuoga akasema, "Kuanzia leo mgongo wangu nitausugua mwenyewe. Mkono wako mzito." Basi. Hakueleza, hakurudia. Kinue alikwenda kulilia bandani kwenye kuni. Miaka minne mpaka Towa alipokufa hakuugusa tena mgongo ule, na neno "mzito" lilimkaa kifuani nusu karne kama mwiba wa samaki. Alijua kosa lake lilikuwa ni kutopendwa.

Mdodoki siku hizi ulipandwa na Hatsumi, na Hatsumi ndiye aliyempigapiga maji usoni na mikononi kila jioni. Jirani zao walinunua chupa za dukani.

Michiyo alifika siku za Higan, watu wanapozuru makaburi. Alishuka kwenye treni amevaa vizuri, nywele zimetengenezwa, pete ya kito kidoleni, mkononi sanduku la keki na mfuko mwingine wa kolajeni. Kulikuwa na joto, lakini Kinue alivaa mikono mirefu. Waling'oa magugu kaburini, wakawasha ubani, Michiyo akampa mama yake kata ya maji amwagie jiwe. Kinue aliinua mkono, na nguo ikateleza mpaka kiwikoni.

Michiyo hakusema kitu mbele ya wafu. Alimaliza kuomba, akakusanya ndoo, wakarudi nyumbani. Mlangoni tu hata viatu hajavua vyote, akaupandisha mkono wa nguo ya mama yake, kisha ule mwingine. Zambarau, kijani, manjano ya zamani, michubuko mipya juu ya makovu.

Hatsumi alikuwa akitoka jikoni na sahani ya ohagi, madonge ya wali wa kunata yaliyovikwa maharage matamu. Aliiona mikono ile ikiwa wazi, akaiweka sahani chini polepole.

"Wifi," Michiyo alisema, "hii ni nini?"

Hatsumi alijibu kwamba ngozi ya Mama imekuwa nyembamba sana, kwamba daktari anajua. Michiyo alisema daktari anajua anachoambiwa. Akaongea mengi, maana wifi ni wifi, hata awe na keki mkononi. Alisema anaelewa kazi ya kumtunza mzee asiye damu yako, inachosha, mtu anaweza kupoteza subira bila kukusudia. Alisema chumba kipo tayari Nagoya, kinaingiza jua, na kesho treni ya saa nne Mama ataondoka naye. "Kikulacho ki nguoni mwako, Mama," alisema. "Na mimi niko mbali natuma unga."

Hatsumi alikuwa mweupe usoni. Hakujitetea. Alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akamwomba wifi yake radhi kwa kumtia wasiwasi. Kisha akanyanyuka, akaenda chumbani kwa Kinue, wakasikia kabati linafunguliwa. Alikuwa anakunja nguo.

Sauti ile ya kabati ndiyo iliyomwamsha Kinue. Mpaka hapo alikuwa amekaa na aibu yake, mzee mzima anayejichubua gizani kama mtoto anayeiba sukari. Alikwenda chumbani, akatia mkono chini ya godoro, akarudi na dodoki, akaliweka mkekani mbele ya binti yake.

"Ni mimi," alisema. "Kila asubuhi. Nilidhani itakomaa."

Akaeleza yote, theluji, mwalimu, hesabu ya hamsini hamsini. Hatsumi alisimama mlangoni na soksi za Kinue mkononi.

"Nilijua, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Naanika godoro kila jua likitoka. Niliogopa kukuaibisha, nikawa nalilowesha dodoki kwa maji ya mdodoki lilainike kidogo, halafu nalirudisha palepale."

Kinue alimkodolea macho. Wiki kadhaa sasa alikuwa akishangaa mbona dodoki limelegea, akailaumu hewa ya mvua. Angecheka, lau si uso wa Michiyo.

"Hadithi nzuri," Michiyo alisema. "Mmeipanga lini?"

"Michiyo."

"Mama, usimfichie. Nawajua wazee wa nyumba hii mnavyoficha." "Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa naoga na Bibi. Ulitoka kumsugua, nikaingia, nikaona mgongo wake umechubuka ngozi, unavuja. Akaniwekea kidole mdomoni. Shangazi alipokuja na kuona damu kwenye nguo, Bibi akamwambia ameteleza kwenye jiwe la kisima. Alimdanganya mwanawe wa kumzaa ili wewe usisemwe. Na mimi nikanyamaza, miaka hamsini. Usidhani nimesahau. Kwa hiyo ukiniambia ni dodoki, nasikia jiwe la kisima."

Kinue alilitazama dodoki lililolala mkekani.

Mkono wako mzito. Kumbe yule mzee alikuwa akisema kweli tupu, na upendo wote aliokuwa nao aliufungia ndani ya maneno yale matatu. Alichagua kuchukiwa na mkwewe kuliko mkwewe ajue amemwaga damu. Miaka minne alijisugua mwenyewe, mikono haifiki katikati ya mgongo, akavaa nguo nzito juu ya vidonda, na kila jioni akakaa mkekani, akafumba macho, akautoa uso wake upigwepigwe na mikono ileile. Kinue alilia. Alilia waziwazi mbele ya wote wawili, na Michiyo akadhani analia kwa sababu amekamatwa.

"Leo nitakuogesha mimi," binti alisema, kwa upole sasa. "Kwa mikono yangu."

Na kweli alimwogesha, jua likiwa bado halijazama. Alipima joto la hodhi kwa kiwiko, akamwagia mama yake maji mabegani kwa kata, hakugusa dodoki wala sabuni kali. Walizungumza kidogo, kuhusu muuza tofu, kuhusu Yasuo alivyokuwa akiogopa nyuki wa maua ya mdodoki. Michiyo alicheka kicheko chake cha utotoni, kile cha kuvuta pumzi ndani. Ilipofika wakati wa kutoka, alimshika mama yake mkono juu ya kiwiko, akamwinua hodhini taratibu, kama mtu anayetoa tofu majini. Kisha akamkalisha mkekani, akampigapiga maji usoni. Kinue alifumba macho. Alihisi yupo mahali pa Towa, na moyo wake ulikuwa mzito na mtamu kwa pamoja. Chumba cha pili, Hatsumi alikuwa akifunga begi.

Asubuhi Kinue aliamka kwa mazoea, akapandisha mkono wa nguo, kisha akakumbuka kwamba dodoki amelichukua Michiyo. Ndipo alipoona. Juu ya kiwiko cha kulia, vidole vinne vimejipanga vya zambarau, na upande wa pili dole gumba. Kwenye kidole kimoja palikuwa na nukta nyeusi, mahali kito cha pete kilipogusa. Hatsumi hakuvaa pete, kiwandani walikatazwa.

Hakukumbuka maumivu yoyote. Hakuna mkono uliowahi kumshika kwa upole kuliko ule.

Alikaa kitako akautazama mkono wake. Nguo ya safari ilikuwa imekunjwa kando, ya mikono mirefu, Hatsumi ameipiga pasi. Kitu rahisi kabisa. Angeivaa tu, akafunga kifungo, na mwanawe angepanda treni na moyo mweupe. Towa angeivaa. Towa asingefikiri mara mbili. Lakini uongo wa Towa aliulipia Towa mwenyewe, kwa mgongo wake. Huu angeulipia Hatsumi, maisha yake yote yaliyobaki, katika mtaa ambao haukusahau hata chupa kavu. Mficha uchi hazai, watu husema, na Kinue alikuwa ameficha vya kutosha. Ilimuuma, maana alijua anakwenda kumvunja moyo mtoto wake kwa kosa lisilo kosa.

Akatoka na nguo ya mikono mifupi.

Jikoni Hatsumi alikuwa akizungushia mwani madonge ya wali wa safari, macho yamevimba. Michiyo alikuwa mezani na chai, begi mlangoni. Kinue alikaa, akaulaza mkono wake juu ya meza, upande ule.

Michiyo alimtazama Hatsumi kwanza. Alikwisha kufungua mdomo. Halafu macho yake yakarudi mkononi, yakaona nukta, yakashuka kwenye pete yake mwenyewe. Alinyanyua mkono, akaushusha juu ya alama bila kugusa, vidole vinne na gumba. Vililingana.

"Nilikushika taratibu," alisema. "Mama, nilikushika taratibu."

"Najua, mwanangu. Hata sikuhisi."

"Nilikushika kama yai."

"Na mwenzio huniogesha kwa upole huohuo, kila siku, miaka sita," Kinue alisema. "Na mimi nilimshika bibi yako hivyohivyo. Siendi Nagoya, Michiyo. Nataka kufia hapa, na huyu. Nilipaswa kusema zamani."

Hatsumi aliacha kazi, mwani umemgandia vidoleni. Michiyo aliuficha mkono wake wenye pete chini ya meza, kama vile ungeweza kuuma mtu, akalia kwa kichwa kilichoinama. Hakuna aliyemnyamazisha. Chai ilipoa. Alipomaliza alijifuta uso kwa kitambaa cha meza, mama yule wa Nagoya mwenye nywele zilizotengenezwa, akageuka.

"Wifi," alisema. "Wewe unamshikaje?"

Hatsumi alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa kiasi cha chumvi.

"Simshiki," alijibu. "Nampa mkono, ananishika yeye."

Michiyo aliivua pete, akaiweka karibu na kikombe. Akasimama, akaunyoosha mkono wake mbele ya mama yake, kiganja juu, akangoja bila kusogea. Kinue aliushika. Aliushika kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akavutika mpaka akasimama, na hakuhitaji kuogopa, maana Michiyo alikuwa na miaka hamsini na tisa tu na ngozi yake bado ilivumilia.